Nguzo ya Kikatiti

Enzi zetu suti ya karate haikununuliwa, ilishonwa. Yangu mama aliishona kwa mifuko ya unga wa ngano, ile ya kitambaa, na ingawa aliiloweka kwa sabuni ya mche na kuianika juani wiki nzima, picha ya suke na maandishi ya kinu havikutoka. Suke lilikaa katikati ya mgongo na maneno "Daraja la Kwanza" yakakaa makalioni. Nilipogeuka kupiga teke la nyuma, Kikatiti nzima ilisoma.

Mkanda wa njano ulichovywa kwenye manjano yale yale ya jikoni. Ukitoka jasho rangi ilishuka kiunoni, nawe ukanukia mchuzi hadi jioni. Mkanda wa kahawia alikuwa nao mtu mmoja tu, Mwalimu Anaeli. Wake ulikuwa wa kweli, alirudi nao kutoka Tanga, lakini kila ulipopauka mkewe aliuchemsha kwenye majani ya chai ukarudi rangi yake.

Niliandika mambo haya tangu wakati ule, kwenye daftari la shule, upande wa nyuma ambako mwalimu wa hesabu hakufika. Daftari lipo hadi leo. Limeliwa na mende pembeni, lakini majina yanasomeka, na hata orodha ya walioleta viazi vitamu siku ya semina inasomeka. Kwa hiyo wenzangu mtakaosoma msije mkaniambia nimetia chumvi. Ninayo maandishi.

Mwalimu Anaeli alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, na mikono yake haikuwahi kutakata grisi. Ujanani alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na huko mfanyakazi mwenzake alimfundisha karate mpaka akapata mkanda wa kahawia. Baba yake alipougua akarudi nyumbani, na hapakuwa na mtu mwingine Kikatiti aliyejua hata kukunja ngumi. Akaomba ufunguo wa ghala la chama cha ushirika, lililokuwa limebaki tupu, akawa anajifua humo peke yake kila jioni baada ya kufunga kibanda. Miaka miwili hivi. Sisi watoto tukawa tunachungulia dirishani. Siku moja akafungua mlango akasema, "Kuchungulia kunawachosha shingo. Ingieni."

Lile ghala ndilo lililotulea. Lilinuka mahindi ya miaka iliyopita na dawa ya dumuzi, na sakafu yake ya saruji tuliinyunyizia maji kabla ya mazoezi ili vumbi litulie. Mwezi wa sita na wa saba, Mlima Meru unapojifunika mawingu asubuhi hadi jioni, saruji ile ilikuwa baridi kiasi kwamba tulijifunza kuruka kabla hatujajifunza kusimama. Katikati ya ghala palikuwa na nguzo. Gogo zima la mringaringa, halikupasuliwa wala kupigwa randa, limesimama kushikilia paa. Sisi tulijipanga safu mbili, moja kushoto kwa nguzo na nyingine kulia. Mwalimu alisimama mbele yetu katikati, akitupa mgongo ili tumfuatishe. Kumbukeni hapo: nguzo ilikuwa katika njia ya mtu mmoja tu.

Nyumbani haikuwa rahisi. Nilikuwa mmoja wa wasichana wawili tu kikundini. Mwingine alikuwa Nembris, binti wa wafugaji waliohamia upande wa chini wa barabara, mrefu kama mlingoti, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. Mama yangu alisema, "Mtoto wa kike anarusha mateke! Utaolewa na nani, na punda?" Na nilipokuwa natoka mlangoni alimalizia, "Ukivunjika mguu usije ukanikimbilia!" Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa na shaka nyingine. Alisikia kwamba tunainama kabla ya kuanza, akaenda hadi kibandani kwa Mwalimu.

"Anaeli, hao watoto unawainamisha kwa nani?"

"Ni shikamoo, mzee. Wajapani hawaisemi, wanainama."

"Na wewe ndiye Mjapani wao?"

"Mimi ni fundi baiskeli, mzee. Ila hapa nimepungukiwa mpira wa mbele wa ile baiskeli yako, uje kesho."

Baba alirudi nyumbani akasema ameridhika. Tangu hapo kila tulipoinama tulisema na shikamoo kabisa, ili mambo yasichanganyike.

Kitu kikubwa alichotufundisha Mwalimu kilikuwa kata. Kwa asiyejua, kata ni mapigano na adui asiyeonekana: unapangiwa hatua, kinga hapa, piga pale, geuka, songa mbele, na zote lazima ziende kwa mpangilio ule ule ulimwenguni kote. Yetu ilikuwa na hatua ishirini na moja. Mwalimu alihesabu Kijapani, ichi, ni, sani, shi, go, na alipofika kumi akawa amemaliza Kijapani chake chote, hivyo akaendelea, "Kumi na moja! Kumi na mbili!" Tulidhani hata Japani ndivyo wanavyohesabu.

Nilikuwa darasa la sita habari zilipofika kwamba kutakuwa na semina mjini Arusha. Bingwa kutoka Japani anakuja, siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Leo semina ziko kila mwezi na mabingwa wanapishana uwanja wa ndege, lakini wakati ule ilikuwa kama kuambiwa askofu mkuu anakuja kula kwenu. Na kulikuwa na jambo ndani yake. Kila kikundi kingeonyesha kata yake mbele ya Mgeni. Mwalimu ambaye kikundi chake kingekubaliwa angefanyiwa mtihani wa mkanda mweusi hapo hapo, na angeruhusiwa kufundisha na kupandisha wanafunzi wake. Ambaye kikundi chake kingekataliwa, Mwenyekiti wa vikundi vya mjini alishasema waziwazi, afunge. Mwenyekiti huyo hakutupenda. Karate yetu aliiita karate ya ghalani.

Mwalimu Anaeli hakutuambia kwamba anaogopa. Lakini mwezi ule baiskeli zilirundikana kibandani, na watu walilalamika. Jioni alitufundisha mpaka ng'ombe wa mwisho wanapita. "Mikono ikiwa sawa na miguu ikiwa sawa, hakuna wa kutuuliza mnatoka wapi," alituambia. Sentensi hiyo nimeipigia mstari daftarini mara mbili.

Siku ya semina tulisafiri kwa lori la mfanyabiashara mmoja Mchaga aliyekuwa akipeleka nyanya soko la Kilombero. Watoto kumi na wanane juu ya matenga ya nyanya, alfajiri, baridi ya mwezi wa sita inatukata masikio. Tulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye ndoo, na mama yake Nembris alitupa kibuyu cha loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, zito, la kushibisha wachungaji siku nzima. Lori likipita kwenye shimo, ndoo inaruka, kibuyu kinaruka, nasi tunakaa tena juu ya nyanya. Tuliposhuka mjini nyuma zetu zilikuwa nyekundu. Yule mwenye lori alimtazama Nembris akasema, "Nyie mmekwisha kupigana tayari?" Nembris akajibu, "Bado, mzee, tumeshinda nyanya tu."

Ukumbi ulikuwa wa shule moja mjini. Sikuwa nimewahi kuona chumba kikubwa vile kisicho na kitu katikati. Watoto wa mjini walikuwa wamevaa suti nyeupe pe za dukani, zinazolia kama karatasi mtu akipiga ngumi. Walitutazama matako mekundu, wakasoma migongo. Mmoja akauliza, "Hiyo suti yako kilo ngapi?" Nikamwambia hamsini. Nilikuwa mtoto mkweli.

Sote tulikuwa tumemtarajia Mjapani mkubwa, mwenye shingo kama ya fahali. Akaingia mzee mfupi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, kandambili miguuni. Nembris akaninong'oneza, "Huyu ndiye anayembebea mizigo?" Kisha mzee akavua kandambili, akazipanga zikatazama mlango, akakanyaga sakafu, na ukumbi ukanyamaza. Hakufanya kitu. Alisimama tu. Lakini hata leo sijui mtu mwingine aliyesimama kama yeye. Tukainama, nasi wa Kikatiti tukasema kwa sauti moja, "Shikamoo!" Mkalimani wake, bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyevaa koti juu ya suruali ya karate, akamweleza. Mzee akauliza kitu, mkalimani akajibu, mzee akatugeukia akasema, taratibu, "Marahaba."

Asubuhi yote alitufundisha kusimama. Saa nne mpaka saa sita, kusimama. Alipita kwa kila mtu, akigusa goti kwa kidole kimoja, akisukuma nyonga kidogo, na ungesikia mwili unafunguka kama mlango uliokuwa umebana. Alipofika kwangu alitazama suke mgongoni, akachora hewani kama anayekata mavuno, akatabasamu. Wakati wa chakula Mwalimu Anaeli hakula. Alishika kiazi chake mkononi mpaka tukaitwa tena ukumbini.

Mchana zikaanza kata. Vikundi vitatu vya mjini vilitangulia na vyote vilikwenda vizuri. Mwenyekiti akasoma karatasi yake: "Kikatiti. Ghalani." Watu wakacheka kidogo.

Tulijipanga kama tulivyozoea, safu mbili, katikati wazi. Mwalimu alisimama mbele. Akaanza kuhesabu, na nawaambieni, tulikuwa wazuri. Ngumi kumi na nane zilitoka kwa pamoja, na zile suti za unga zililia nazo. Ichi, ni, sani. Tulipogeuka mara ya kwanza niliona uso wa Mwenyekiti na haukuwa unacheka tena. Tukafika kumi. Kumi na moja. "Kumi na mbili!"

Hatua ya kumi na mbili ni kwenda mbele, moja kwa moja. Sisi sote, watoto kumi na wanane na mwalimu wetu, tulipiga hatua ya pembeni kushoto, tukazunguka kitu kisichokuwepo, tukarudi kwenye mstari, tukapiga ngumi yetu na kuendelea.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama gunia limepasuka. Mgeni hakucheka. Aliinua mkono, akasema kitu, na mkalimani akatuambia turudie. Tukarudia. Kumi na moja, kumi na mbili, pembeni, zunguka, rudi. Safari hii Mwalimu alisimama hapo hapo. Nilimwona kwa nyuma, masikio yake yakibadilika rangi. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Kwa miaka sita mwili wake ulikwepa nguzo ya mringaringa bila yeye kujua, nasi tukaichukua hatua ile kama tulivyochukua kumi na mbili ya Kijapani.

"Mgeni anauliza," mkalimani akasema, "hiyo hatua mmeitoa wapi?"

Mwalimu Anaeli aliitazama miguu yake mwenyewe.

"Si nilisema?" Mwenyekiti akawaambia waliokaa karibu naye. "Wanajitungia huko."

Hapo ndipo Nembris aliposhindwa kuvumilia. Sauti yake ya ng'ombe wa bonde la pili ikajaza ukumbi: "Mwalimu, si ile nguzo!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mkalimani alihangaika kutafsiri, akichora nguzo hewani, akionyesha paa, akijikuna kichwa. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimshika mkalimani mabega, akampeleka katikati ya sakafu, akamwacha pale. Akamwonyesha Mwalimu Anaeli kwa kiganja: iko hapa?

Mwalimu alimtazama yule bwana wa Dar es Salaam. Akasema kwa sauti ndogo, "Sogea kidogo. Nyuma. Kushoto kwako. Hapo."

"Mimi ndiyo nguzo?" mkalimani akauliza.

"Ndiyo, bwana. Samahani. Na mikono ishushe."

Mwalimu Anaeli akafanya kata peke yake. Hakuhesabu. Ukumbi ulikuwa unacheka alipoanza, na alipofika hatua ya saba ulikuwa haucheki. Alipofika ya kumi na mbili alipita kando ya mkalimani kwa upana wa kidole, koti halikutikisika, na ngumi yake ikatokea upande wa pili kama vile hapo katikati hapakuwa na mtu. Mkalimani alifumba macho. Mwalimu akamaliza hatua ya ishirini na moja, akainama, akasema shikamoo kwa mazoea.

Mgeni naye aliinama. Kisha akazungumza, na mkalimani, bado amesimama pale pale kama aliyeota mizizi, akatafsiri. "Anasema, kata hii aliipokea kwa mwalimu wake, na mwalimu wake kwa mwalimu wake. Hakuna aliyempa ruhusa ya kuongeza hatua. Leo mkanda mweusi hapana."

Ndivyo alivyosema, na alikuwa sahihi. Mwenyekiti akaandika kwenye karatasi yake.

Tulirudi na lori lile lile, matenga matupu. Mwalimu alikaa mbele na dereva na hakugeuka. Tulipofika Kikatiti alisema, "Kesho hatuendi." Kesho yake baada ya ibada baba alirudi na habari kwamba Anaeli amerudisha ufunguo wa ghala kwa katibu wa ushirika. Mama, ambaye kwa miaka yote alikuwa akinitania kwa habari ya punda, aliketi kwenye kigoda akasema, "Masikini. Sasa hao watoto watakwenda wapi jioni?" Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaitoa ile suti kwenye kamba, nikaikunja ikiwa mbichi.

Jumatatu mchana nilikuwa natoka shule nilipoona gari jeupe limeegeshwa mbele ya kibanda cha baiskeli. Mgeni alikuwa anapelekwa uwanja wa ndege, na barabara ya uwanja wa ndege inapita Kikatiti. Alikuwa amesimama kando ya barabara na kandambili zake, mkalimani pembeni anatazama saa. Mwalimu alitoka nyuma ya kibanda, grisi hadi kwenye viwiko, akabaki ameshikilia mnyororo wa baiskeli.

"Anasema anataka kuiona," mkalimani alisema.

"Kuona nini?"

"Nguzo, bwana. Tangu juzi anaongea nguzo, nguzo. Mfungulie aione, ndege itatuacha."

Ufunguo ulichukuliwa kwa katibu, na nusu ya watoto wa Kikatiti ikafuata. Mgeni aliingia ghalani, akavua kandambili, akazipanga zikatazama mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo akaishika. Upande wa kushoto, kwa kimo cha bega la Mwalimu, gome lilikuwa limelainika likang'aa, mahali ambapo bega lilipapasa miaka sita. Mzee alipitisha kiganja chake hapo mara mbili. Kisha akauliza Mwalimu anaanzia wapi kata yake. Mwalimu akamwonyesha. Mzee akasimama hapo, akaanza, na sisi tulioziba milango na madirisha tukahesabu kwa sauti, ichi, ni, sani, mpaka kumi na moja, na kumi na mbili akafika kwenye nguzo, pua kwa pua.

Akasimama. Akaitazama juu hadi chini. Tukadhani atapita pembeni kama sisi, na naamini hata Mwalimu alitumaini hivyo. Mzee akageuka, akarudi mwanzo, akapiga hatua mbili kwenda kulia, akachora mstari sakafuni kwa kidole cha mguu.

"Anasema," mkalimani akatafsiri, "anzia hapa."

 Mwalimu aliutazama mstari, akaitazama nguzo, akautazama tena mstari. Kwa miaka sita hakuna mtu hata mmoja, si yeye, si sisi, aliyewaza kusogea hatua mbili kulia. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko la kuinama na kushika magoti, na mzee akacheka naye bila sauti, miwani ikiruka kwenye uzi wake. "Hatua mbili!" Mwalimu alisema. "Jamani, hatua mbili tu!" Kabla ya kupanda gari mzee alichukua ule ufunguo mkononi mwa katibu, akauweka kwenye kiganja cha Mwalimu chenye grisi, akakifunga kidole kimoja kimoja.

Mwaka mzima tulifanya kazi ya kuisahau ile hatua. Mwalimu alisimama na ufito, akatugonga kifundo cha mguu kila tulipokwenda kushoto, na alijigonga na yeye. Semina iliyofuata alikuja bingwa mwingine, kata yetu ikanyooka kama rula, na Mwalimu Anaeli akafungwa mkanda mweusi mbele ya Mwenyekiti yule yule. Daftari langu linasema siku hiyo tulikula mishikaki.

Ghala halipo sasa. Zimejengwa fremu za maduka, miamala ya simu na vipuri vya bodaboda, na sijui gogo la mringaringa lilikwenda wapi. Mimi ninakaa Sombetini na binti yangu naye anacheza karate. Suti yake ililetwa na kampuni ya mizigo ndani ya mfuko wa plastiki. Ana kinga ya goti, kinga ya meno, na chupa ya maji inayomkumbusha kunywa. Akisahau hatua ya kata haulizi mtu, anatazama simu, na simu inamwonyesha bingwa wa upande wa pili wa dunia akiifanya bila kosa. Anawajua mabingwa kwa majina na kwa idadi ya wafuasi wao mtandaoni. Nikimweleza habari za lori la nyanya ananiuliza kwa nini hatukuita gari.

Mwezi uliopita kulikuwa na semina mjini. Mgeni safari hii alikuwa mwanamke, kijana, hodari kwelikweli, na watoto walimzunguka kupiga picha kabla hajavua viatu. Waandaaji walikuwa wamemwalika Mzee Anaeli akae mbele kama mkongwe. Miguu yake haifanyi kazi tena. Wajukuu walimleta kwa kiti cha magurudumu. Nilikwenda kumwamkia, na Nembris alikuwepo tayari, bibi wa wajukuu wawili, sauti ile ile. Mzee alinishika mkono akauliza, "Daraja la Kwanza, hujambo?"

Mwishoni waandaaji walimpa kipaza sauti. Alikiangalia akakirudisha. "Nisogezeni katikati," alisema. Mjukuu akamsukuma hadi katikati ya ukumbi. "Kidogo. Nyuma. Kushoto kwako. Hapo." Kisha akaniita.

"Mzee, mimi nimezeeka. Miaka mingi sijafanya."

"Vua viatu."

Nikavua. Nilivipanga vikatazama mlango. Nembris akaanza kuhesabu, na sikuwa nimefikiri chochote, miguu ilikuwa imeshaondoka. Ichi, ni, sani. Magoti yalilia, nilisikia watoto wakicheka na simu zikiinuliwa. Kumi. "Kumi na moja!" Mbele yangu kulikuwa na kiti, na mzee ndani yake amekaa wima, mikono ameishusha, ananitazama. "Kumi na mbili!" Nikapita kushoto, nikazunguka, kitambaa cha shati lake kiligusa kiwiko changu, nikarudi kwenye mstari, nikapiga ngumi. Nyuma yangu nilisikia lile cheko la kushika magoti, ingawa magoti yenyewe hayainuki tena.

Tukiwa tunarudi, binti yangu alisema, "Mama, ile ya kumi na mbili ulikosea. Ni moja kwa moja." Nikamwambia najua. Akatembea kidogo. Kata yake imenyooka, haina kosa, na ukiitazama huwezi kujua mtoto huyu kajifunzia wapi, kwenye sakafu gani, nyuma ya mgongo wa nani. Labda ndivyo inavyotakiwa. Mgeni wetu wa kandambili angesema ndivyo.

"Kwani hiyo nguzo ilikuwa nene kiasi gani?" akaniuliza.

Nikasimama pale njiani Sombetini, bodaboda zikinipigia honi, nikainyoosha mikono yote miwili mbele yangu kuizunguka. Vidole havikufikiana.